Barakoa yenye Ufa

Juzi nilikuwa Sinza, kwenye duka la vifaa vya michezo vya mtumba. Dada mmoja alikuwa anachagua barakoa ya kukinga uso na macho. Ndiyo kwanza anaanza paintball, ule mchezo wa kupigana risasi za rangi, na bunduki ya mtumba alishapata. Kioo cha barakoa kilikuwa na ufa. Muuzaji akaufunika kwa kidole gumba.

"Mkwaruzo tu huo, sista. Kwani unaenda vitani?"

"Haya, ivae wewe, braza, nikupige risasi moja tu."

Muuzaji akarudi nyuma huku anacheka. "Aah, mie nina familia."

Dada akaitupa mezani. "Na mie nimeokotwa jalalani?" Akaondoka.

Nilitoka na hasira zangu. Mashati ya mtumba tunavaa, viatu vya mtumba tunavaa. Macho ya mtumba yanauzwa wapi?