Nyimbo Tatu za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alirudi kutoka machimbo ya Geita na blanketi, sufuria, na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Blanketi na sufuria aliviweka chini alipofika. Kifua hakikuwekeka. Miaka yote aliyokaa kule alikuwa akitoboa mwamba chini ya ardhi, mpaka daktari wa machimbo alipomwambia aende nyumbani akapumzike. Mimi nimekulia sokoni, nikiuza vitambaa vya kaniki na marikani kutoka Mhunze hadi huko huko Geita. Mtu akikurudishia bidhaa bila kudai chochote, ujue ameikagua vizuri.

Kabla ya machimbo alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kundi letu la ngoma. Kwetu, mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili hukutana uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, yakaimba kwa wakati mmoja. Hakuna hakimu. Watazamaji hutembea tu. Kundi linalobaki na watu wengi limeshinda, na lile jingine huendelea kuimba likitazama migongo. Nimepita minada mingi, na sijaona soko lenye ukweli mkali kama lile.

Tangu aondoke, kundi letu lilikuwa likitazama migongo. Kwa hiyo aliporudi hakuna aliyeuliza habari za kifua. Waliuliza kama sauti bado ipo.

Dada yangu alitaka kitu kimoja: mumewe avuke kiangazi. Alisema mvua ikinyesha vumbi litalala, na vumbi likilala, kifua nacho kitalala. Alisema hivyo kila asubuhi akimwaga maji uani, kana kwamba anaanza mvua kwa mkono.

Lakini kundi lilikuwa na maelezo yake juu ya kikohozi. Ningi akikauka koo karibu na mashindano, kwetu sababu inajulikana: upande wa pili wamemroga kwa dawa. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu, na mara nyingi koo lilipona. Vumbi la mwamba lilikuwa jambo geni, hatukuwa bado na jina lake wala mganga wake. Basi mganga wa kundi akaja na mizizi, akaichoma juu ya kigae, akamfunika shemeji kwa lile lile blanketi la Geita ili avute moshi. Asubuhi na jioni. Alipotoka humo macho mekundu, akikohoa mpaka anashika ukuta, walifurahi. "Inatoka," walisema.

Siku dada alipoona damu kwenye kitambaa, alinituma kwa kiongozi wa kundi. Nilimkuta juani akiwamba ngozi ya ngoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta kaniki au umeleta maneno?"

"Maneno. Kaniki ningeanza na bei."

"Dada yako huyo."

"Ndiye. Anaomba mumewe asiimbe mwaka huu."

"Halafu aimbe nani, wewe? Ukifungua mdomo watu watauliza mbuzi anauzwa ngapi."

"Basi aimbe wimbo mmoja, mengine waimbe vijana."

"Vijana ndio waliotuleta hapa. Aimbe kumi."

"Mzee, anatema damu."

Aliivuta ngozi mpaka ikalia. "Ndiyo maana tunamfukiza. Unadhani mimi simpendi? Saba."

Nilijifanya naondoka. Akaniacha niende hatua chache, kisha akaniita, kama inavyopaswa. Tukavutana mpaka tatu. Nikamtaka arudie kwa mdomo wake, akarudia, nami nikarudia. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

"Tatu," nilimwambia dada. "Na atapumzika katikati."

Shemeji alikuwa amelala ndani, lakini masikio hayakuwa na vumbi. "Umeniuza rahisi, shemeji."

"Nifanyeje? Bidhaa yenyewe ina kutu."

Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na dada akanitazama kwa namna iliyonifanya nitoke nje.

Siku ya mashindano jua lilikuwa limekaa juu ya uwanja. Nilitandika kaniki zangu pembeni, maana penye watu pana wateja. Kwenye kisigino nilikuwa na mwiba uliokataa kutoka, nikawa nasimama kwa mguu mmoja kama korongo, nikihesabu watu wa kila upande. Wimbo wa kwanza sauti ya shemeji ilikuwa nyembamba, na watu wakaanza kuhama. Nikahesabu tena, nikapata hasara ile ile. Wimbo wa pili wachache walirudi, kwa heshima tu. Moyoni nikasema vizuri, tutashindwa twende nyumbani. Dada alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kibuyu cha maji.

Wa tatu aliuanza chini sana, kama mtu anayezungumza na jirani. Aliimba juu ya shimo ambamo watu hushuka kabla jua halijatoka na kujuana kwa vikohozi. Aliimba juu ya taa inayoonyesha jiwe na haionyeshi mkono ulioishika. Kwanza upande wa pili waligeuza vichwa. Kisha wakageuza miguu. Ngoma zao zikapungua, halafu nikamwona mpigaji wao mkuu amesimama katikati yetu, fimbo za ngoma mkononi, mdomo wazi.

Nilianza kuhesabu. Nilifika katikati ya mstari mmoja, na hapo ndipo sijui kilichotokea. Sikuwa nahesabu tena. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yote miwili na mwiba haukuwepo. Sauti ile haikuwa na kikohozi, haikuwa na Geita, sidhani hata ilikuwa na mtu. Ilitupitia kama upepo unavyopita kwenye uwele, sote tukainama upande mmoja. Kibuyu cha dada kilikuwa kimelala mkononi, maji yakimwagika juu ya miguu yake, naye hajui.

Sijui ilichukua muda gani. Nilipozinduka, nilizindushwa na jambo la kibiashara: wimbo haukuwa unaisha. Kila kiitikio kilipofika mahali pa kufunga, aliongeza beti nyingine. Mzee akapiga ngoma ya kumaliza, shemeji akairuka. Mzee akapiga tena. Shemeji akanitazama juu ya vichwa vya watu, na naapa alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimepatana idadi. Urefu sikupatana.

Alinyamaza katikati ya neno. Hakuanguka, aliketi taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Damu ilikuwa imeshuka mpaka tumboni. Watu walishangilia ushindi, wakidhani ndiyo tamati yenyewe.

Tulimbeba. Jioni nilirudi kuchukua kaniki zangu nilizoziacha bila mlinzi kwenye umati ule wote. Nikahesabu, zote zipo. Nikahesabu tena. Hata wezi walikuwa wanasikiliza.

Mvua hakuiona. Mganga alisema upande wa pili wamelipiza. Watu wa upande wa pili walikuja kumzika, wakachimba kaburi pamoja nasi kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, vumbi likapanda, na kwa muda wote tuliosimama pale sote tulikuwa tunakohoa.

Watu husema wimbo ukiwa mkubwa humtoa mtu mwilini. Nakubali, nilitolewa. Ila mwili unabaki pale pale.

Baada ya matanga dada aliniuliza, "Kaka, pale mwishoni alikuwa anaumia?"

"Sijui."

"Mimi nilikuwa nyuma yake. Wewe ulimwona usoni."

"Nilimwona, lakini sikuwepo."

Aliendelea kuchambua mbegu za pamba. "Hata mimi sikuwepo," alisema. "Tulimwacha peke yake, wote."

Mvua zilipokuja, watu walikutana kulima kwa zamu, shamba kwa shamba, na wakauimba wimbo ule kwa sababu ulikuwa mzuri kulimia. Hakuna aliyeona ubaya. Dada alikuwa kwenye mstari pamoja nao. Hakuitikia, lakini jembe lake lilishuka pamoja na mengine, mahali pale pale pa kiitikio.