Safari ya Kumchagulia Adhiambo Bunduki

Habari ilifika Siaya kabla ya barua yangu. Mjomba alipiga simu kuuliza kama ni kweli binti wa marehemu dada yake amenunua bunduki Nairobi, na kama ni kweli, amekosana na nani. Kesho yake akapiga mwingine, akasema ameambiwa ni bunduki tatu. Basi naona niwaandikie nyote wa nyumbani hatua kwa hatua, tulivyotoka, tulikopita, tulichokikuta na tulivyorudi, ili msije mkaletewa ya nne.

Kwanza sababu ya safari. Mdogo wangu Adhiambo, ambaye wengi wenu mlimwona mara ya mwisho akiwa mgongoni mwangu kwenye matanga ya mama, anafanya kazi katika uwanja wa kulenga shabaha nje ya jiji. Pale hawapigi ndege wala mnyama. Mashine hurusha angani kisahani cha udongo, na mpigaji hukivunja kikiwa hewani kwa bunduki ya marisau, ile inayotoa punje ndogo nyingi badala ya risasi moja. Adhiambo aliajiriwa kuokota vipande. Baadaye akapewa kuendesha mashine. Siku moja kocha akamwachia ajaribu, akavunja visahani mpaka wenye klabu wakaacha chai yao wakaja kutazama.

Tatizo ni bega. Bunduki za klabu ni nzito, zimetengenezwa kwa wanaume, na kila zikilia zinapiga teke. Jioni nyingi nimemkanda kwa maji moto bega likiwa rangi ya biringanya. Klabu ikakubali kumnunulia yake, aina inayojipakia yenyewe, kwa sababu teke lake ni jepesi, na kwa sababu huwezi kuvuka mpaka kwenda mashindanoni na bunduki yenye jina la mtu mwingine.

Lakini Kenya hii bunduki hainunuliwi kama jiko. Bodi ya leseni inakuchunguza kwanza: tabia yako, akili yako, watu wako, na mahali silaha italala. Kocha akasema aende dukani kuchagua akiwa na mkubwa wa familia. Mkubwa wa familia ni mimi, niliyeacha shule darasa la saba tulipobaki yatima watatu, na sasa ninakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta, kando ya njia hapa mtaa wa Raila, Kibera.

Hofu yangu ilikuwa moja. Chumba chetu ni cha mabati. Jirani akipiga chafya tunamwambia pole bila kuinuka kitandani. Ndani humo bunduki italala wapi? Ikikosa pa kulala, Adhiambo hapati cheti cha silaha. Na ikilala humo, mimi silali.

Asubuhi, Raila. Nilimwachia kikaango Mama Mwende, jirani yetu kutoka Kitui, ambaye hukaanga vizuri lakini huonja sana. Alitutazama kuanzia juu hadi chini.

"Mumevaa nguo za kanisa Jumanne, mnaenda wapi?"

"Kawangware, kwa aunty," nikamjibu.

"Aunty gani huyo anapakiwa mafuta yote hayo?"

Tukacheka, tukaondoka kwa miguu.

Ayany. Ukitoka kwetu na kuingia mtaa huu, miguu yenyewe inajua, maana matope yanaisha. Nyumba ni za mawe, mageti yamepakwa rangi, na kamba za nguo ziko ndani ya ua, si juu ya vichwa vya wapita njia. Adhiambo akapunguza mwendo.

"Hapa ndio kwetu," akasema.

"Kwetu tangu lini?"

"Kule klabu wakiniuliza naishi wapi, nasemanga Ayany. Usinicheke, Madhe. Kila mtu wa Kibera ni wa Ayany akiwa mbele ya matajiri wa Karen."

Madhe ni mama kwa lugha ya vijana wa huku. Aliniita hivyo kwa dharau mara ya kwanza nilipomnyima ruhusa ya kwenda disko, na jina likabaki.

"Wote wanaosema wanaishi Ayany wangerudi Ayany jioni moja," nikamwambia, "wangelala wamesimama."

Barabara ya Ngong. Jua lilikuwa limeshapanda. Huku maseremala wamepanga vitanda na makochi kando ya barabara, ukipita unaona chumba cha kulala cha mtu ambaye bado hajakinunua. Kijana mmoja akatuita, "Sister, kitanda cha harusi hiki! Lala kwanza, tuongee baadaye!" Adhiambo akamjibu kwamba tunatafuta kitu kirefu zaidi na chembamba. Nikamfinya mkono. Maneno ya bunduki hayachezewi barabarani.

Kawangware. Tuliingia kwa barabara ya Naivasha tukiwa na vumbi hadi magotini. Soko lilikuwa limechangamka: magunia ya waru, yaani viazi, mitumba iliyomwagwa juu ya turubai, redio tatu zikishindana. Aunty Pamela, ndugu ya mama, anakaa katika ploti ya mawe, vyumba vya kupanga vyenye geti moja, nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi, na unga mwepesi umelala juu ya kila kitu chake, hata picha za wajukuu. Mpango wetu ulikuwa yeye. Adhiambo alikuwa amewaza hivi: sheria inataka sanduku la chuma lililofungwa ukutani, sisi hatuna ukuta wa kufunga sanduku, aunty anao.

Aunty alitupa chai na chapati, akatuacha tule. Kisha akamsikiliza Adhiambo mpaka mwisho, akiitikia "mm, mm" kama mtu anayekubali.

"Adhiambo, mwanangu," akasema. "Mimi bunduki naijua kwa sauti tu, na hiyo sauti inanitosha."

"Lakini aunty, itakuwa imefungwa. Ufunguo ni wangu tu."

"Hii ploti ina milango mingi na gate moja. Fundi akianza kutoboa ukuta asubuhi, jioni hata mwenye posho mill anajua ni ya nini. Wezi wakija kuitafuta, watakutafuta wewe Raila? Watanishika mimi na hawa watoto wa ploti." Akanigeukia mimi, binti wa dada yake. "Nyar dada yangu, nadanganya?"

"Hudanganyi, aunty," nikasema.

Adhiambo akanitazama kama niliyemwaga chai yake. Lakini ningesema nini? Kila aliloogopa aunty ndilo nililokuwa nikiliogopa mimi, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kulisema. Tukaombewa, tukafungiwa chapati mbili kwenye karatasi, tukatoka.

Nje ya geti Adhiambo akasimama, macho yamejaa.

"Basi tutasema Ayany," akasema. "Mercy tulisoma naye, wanaishi pale. Atakubali tuandike ni kwao. Wewe nyamaza tu, Madhe. Tafadhali. Niachie mimi niongee."

Nikanyamaza, na yeye akadhani nimekubali.

Mchana, duka la silaha. Ukivuka Kawangware upande wa Lavington, kelele inakatika ghafla kama redio iliyozimwa, miti inaanza, na mageti hayana majina. Mlinzi alitupekua, akanusa ile karatasi ya chapati, akaturuhusu. Ndani nilitarajia mwanamume mwenye masharubu. Tulikuta mama wa Kikamba wa umri wa aunty, mikono ya sweta imekunjwa, miwani imening'inia kifuani. Anaitwa Madam Ndinda.

"Mwenye bega ni nani?" akauliza. Kocha alikuwa ameshampigia simu.

Bunduki zilikuwa zimesimama ukutani, zimepitishiwa mnyororo. Akafungua kufuli, akatoa moja, akaifungua tumbo, akachungulia, akaingiza kidole ndani, kisha akatuonyesha.

"Hata mimi nikikwambia ni tupu, usiniamini. Angalia mwenyewe. Kila mara."

Akatueleza ya sheria bila haraka. Ile ambayo ukishikilia inamwaga mfululizo ni marufuku kwa raia, tusiitaje hata kwa mzaha. Hii inatoa moja kila ukivuta, inajipakia nyingine, inangoja mpaka uachilie na uvute tena. Kuishika pale mbele yake ni sawa. Kutoka nayo mlangoni bila cheti ni jela, hata kama ni ya ndugu yako, hata kama ni hatua moja.

Aliweka mbili mezani, moja kubwa, moja ndogo. Hapo nikaona kazi yangu imefika. Nimewanunulia wadogo zangu viatu vya shule miaka yote, na sijawahi kununua saizi ya mguu. Unanunua kubwa, unajaza pamba, mwaka unaofuata pamba inatoka.

"Chukua hiyo kubwa," nikasema. "Utaikulia."

Madam Ndinda akavaa miwani. "Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu."

"Sasa anakua kwenda wapi?"

Mlinzi mlangoni aliangua kicheko, na Adhiambo, ambaye alikuwa amenuna tangu kwa aunty, akacheka pia. Tulijaribu kubwa hata hivyo. Kitako kikawekwa kwenye kiwiko chake kupima urefu, na kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Alipoinyanyua begani, shingo ilinyooka mbele kama kuku anayechungulia dirishani.

Ile ndogo ilikuwa nyepesi, na risasi zake nyembamba zaidi. Madam Ndinda alibandika karatasi ukutani, akamwambia aitazame, afumbe macho, anyanyue, kisha afumbue. Adhiambo akafanya hivyo. Alipofumbua macho hakusogeza kichwa hata kidogo. Shavu lilikuwa limelala mahali pake, jicho limenyooka na mtutu hadi kwenye karatasi. Mimi sijui bunduki, lakini najua kitu kikimkaa mtu.

"Hii imekupata," akasema Madam Ndinda. Akaichukua, akaifungia. "Haya. Itakuwa inalala wapi?"

"Nyumbani, Ayany," akasema Adhiambo haraka. "Nyumba ya mawe."

"Ayany wapi?"

Mdogo wangu akanitupia jicho ninyamaze. Nilijua nikifungua mdomo huenda nikamfungia mlango ambao ameutafuta kwa kuokota vipande juani. Nilijua pia kwamba ukianza maisha na bunduki kwa uongo, utaishi ukiulinda ule uongo kuliko bunduki yenyewe.

"Madam, hatuishi Ayany," nikasema. "Tunaishi Raila, Kibera. Chumba kimoja cha mabati, watu watatu, na wa mwisho ni ndugu yetu mdogo, kijana anayefungua kila kilichofungwa. Hatuna pa kuiweka. Aunty yetu amekataa, na ana haki."

Adhiambo alitazama sakafu. Madam Ndinda akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Na mkaguzi angekuja Ayany angekuta nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Angekuta nyumba ya watu. Hakuna sanduku, hakuna wewe. Faili lako lingefungwa hapo hapo, na usingelifungua tena. Kwa mambo ya bunduki, wakikuita muongo mara moja, imeisha." Akamsogelea Adhiambo. "Na nani alikwambia lazima ilale kwenu?"

"Si members wote wa klabu hubeba zao nyumbani?"

"Members wana kuta. Sisi hapa tuna ghala lenye leseni ya kuweka silaha za watu. Unaandika kwenye maombi yako kwamba itakaa hapa, mkaguzi anakuja kukagua ukuta wangu, si mabati yenu. Siku ya mazoezi kocha anakuja na wewe mnaichukua, jioni mnairudisha. Wako wengi wanafanya hivyo. Ungeuliza tu."

Nilikaa kwenye kiti ambacho sikukaribishwa.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, Madam. Ni magoti yamefurahi." Kisha nikauliza, ili nisikie tena, "Hata siku moja haitakuja kwetu?"

"Hata siku moja."

"Hata kutusalimia?"

"Bunduki haisalimii watu, mama."

Jioni, njiani kurudi. Tuliyapita tena makochi ya Barabara ya Ngong. Tuligawana zile chapati tukitembea.

"Uliniaibisha," akasema Adhiambo.

"Najua."

"Na kama hangekuwa na ghala?"

"Ungekosa."

"Ungenirudisha nyumbani tu hivyo?"

"Ningekurudisha nyumbani nikukande bega."

Akamaliza chapati yake. Halafu akapitisha mkono wake kwenye wangu, kama zamani nilipokuwa nikimvusha barabara, isipokuwa sasa yeye ndiye mrefu.

Cheti bado hakijatoka ninapoandika haya. Bodi itamhoji, itawahoji majirani, huenda itanihoji na mimi, na inaweza kukataa. Mkiulizwa huko Siaya, semeni hivyo. Nilichojifunza ni kwamba ile sheria niliyodhani imewekwa kutuzuia sisi watu wa mabati, siku hiyo ilisimama upande wangu. Kila swali gumu ililouliza ndilo nililokuwa nikijiuliza mwenyewe gizani bila mtu wa kunijibu.

Raila, jua likizama. Huku kwetu mtu akitoka safari, majirani humtazama mikono kabla ya uso. Mama Mwende alikuwa ameinama kwenye kikaango changu, mdomo ukitafuna. Akatutazama mikono.

"Ati mumetoka Kawangware mikono mitupu? Hata waru?"

Adhiambo akainua mikono yake juu, akaigeuza mbele na nyuma. "Mitupu kabisa, Mama Mwende."

Nami nikainua yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikiona haya kurudi nyumbani bila kitu. Jioni hiyo niliingia chumbani kwetu sina nilichobeba, nikafunga mlango kwa lile komeo letu dogo, na nikaona linatosha.