Jina la Mjomba Lilivyomezwa

Lameki Chitsonga ndiye anayesoma vifo katika redio yetu ya jamii hapa Dedza, Malawi. Mimi nasoma kilimo: bei ya viazi, viwavi, mbolea feki. Tunagawana meza moja na kompyuta moja, kwa hiyo namjua mtu huyu akiwa kazini kuliko mke wake anavyomjua. Na nikisimulia yaliyompata nasimulia kwa kinyaa, sitajisingizia upole.

Kusoma vifo si kazi ya kila mwenye mdomo. Wafiwa wanafika asubuhi, miguu imejaa matope. Lameki anawakalisha kwenye benchi, anawapa maji, halafu anasoma tangazo mbele yao huku akilirekodi, ili wamsahihishe palepale. Kwetu tangazo la kifo ni mambo ya ukoo: nani katajwa, nani katangulizwa, nani kasahauliwa. Ukikosea, msiba unageuka kesi. Yeye alikuwa na mtindo wake. Mjomba wa marehemu, ndugu wa mama, ambaye ndiye mwenye ukoo, alimweka mwisho kabisa, peke yake, kwa sauti iliyoshuka: "Na mjomba wake, fulani, anayesubiriwa." Kisha kimya. Wasikilizaji walikizoea kimya hicho. Wanawake sokoni waliacha kupima maharage mpaka kipite.

Sasa, ili kimya kiwe kimya, unahitaji chombo kinachojua kunyamaza. Lameki alikuwa na programu yake ndogo ya kuchezea sauti, ya zamani, kijisanduku cha kijivu chenye kitufe kimoja. Ukiipa faili moja inacheza faili moja, basi. Haisalimii mtu, haipendekezi kitu, haiulizi umezaliwa lini. Aliichagua mwenyewe baada ya kujaribu nyingine nyingi, akasema hii ndiyo ya kazi yangu. Mtu mzima kachagua chombo chake. Ungedhani yameisha.

Hayakwisha. Kompyuta yenyewe tuliletewa na wafadhili, na ule mfumo unaoiendesha una kimbelembele ambacho sijawahi kukiona hata kwa mawifi. Unajisasisha unapotaka, hauombi ruhusa, na kila ukimaliza unakuja na kicheza muziki chake cha rangirangi na kukikalisha mahali pa kile cha Lameki. Kioo kinaandika: "Tumekuwekea kilicho bora zaidi." Nani kawaomba? Lameki anaingia kwenye mipangilio, anarudisha cha kwake. Kioo kinamuuliza: "Una uhakika? Jaribu kwanza hiki." Ana uhakika. Kinamuuliza tena kwa maneno mengine, na safari hii kitufe cha kukubali ni kikubwa, cha buluu, na cha kukataa kimefifishwa mpaka ukitafute kwa miwani. Anakitafuta, anakipata, anakataa. Baada ya muda, yaleyale. Ukimpa shubiri huchukua pima, lakini huyu hata shubiri hakupewa. Nilikuwa nikimtazama mzee wa kanisa mwenye mvi akibembelezana na kioo, akiomba ruhusa ya kukalia kiti chake mwenyewe.

"Bambo, si ukiache tu?" meneja wetu, Thokozani Mseteka, alikuwa akimwambia; bambo kwetu ni baba, kwa heshima. "Hicho kipya kina mambo mengi."

"Sitaki mambo mengi. Nataka kinyamaze."

"Lakini waliokitengeneza ni wataalamu. Wanajua kuliko sisi."

"Wanajua nini? Wamewahi kuzika mtu Dedza?"

Thokozani alicheka. Mimi sikucheka. "Thoko," nikamwambia, "mkeo akiamka kila siku akakuta jirani kampangulia jiko, kisha huyo jirani anamwambia, 'Shoga, nimekupangia vizuri zaidi,' utamshauri aache tu?"

"Dada Zelifa, jiko si kompyuta."

"Ufedhuli ni ufedhuli tu, uwe jikoni uwe kwenye kompyuta."

"Haya mama, umeshinda," alisema, akaenda zake kunywa chai. Ndivyo tulivyokuwa tunashinda pale redioni.

Siku moja ya baridi, yale manyunyu ya Dedza yasiyokwisha, alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Bembeke, Agogo Enelesi Kaphiri. Binti yake, Tamala, alikuwa amefariki usiku. Mazishi kesho yake asubuhi. Mjomba wa marehemu, yaani kaka yake huyu bibi, aliitwa Sitima, na alikuwa chini ya mlima huko Mtakataka akinunua usipa, dagaa wa ziwani, wa kuuza. Simu yake ilikuwa imezima tangu juzi.

"Bila Sitima jeneza halitoki ndani," Agogo alisema. "Tamala ni wa kwake. Lakini redio hakosi, hata akiwa kwenye samaki anayo kibindoni. Mtaje vizuri, mwanangu."

"Nitamtaja, agogo. Atasikia."

Alilisoma tangazo huku akilirekodi. Bibi aliitikia kwa kichwa kila jina lilipopita, na lilipofika la kaka yake akajifunika uso kwa kitenge. Aliporidhika, Lameki akafungua mipangilio ya kompyuta na kuikagua, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya matangazo. Kijisanduku cha kijivu kilikuwa mahali pake. Nilikiona kwa macho yangu haya.

Kati ya hapo na adhuhuri, sisi tukila nsima na maharage, ule mfumo ulifanya yake.

Saa ya vifo ikafika. Ikapigwa kengele, ukaimbwa ubeti wa wimbo wa kanisa, Lameki akabonyeza. Kikafunguka kile cha rangi. Lameki akaondoa mkono kwenye kipanya. Hakuthubutu kugusa kitu, maana tangazo lilikwisha kuanza, na kulikata katikati ni balaa zaidi. Sauti yake mwenyewe ilitoka safi. Majina yakaenda moja baada ya jingine, watoto, wakwe, mashemeji. Nikajisemea labda leo Mungu atatunusuru.

Tusichokijua ni kwamba kile kicheza kina urembo wake. Sauti moja ikikaribia mwisho, kinaizamisha polepole na kuipandisha inayofuata juu yake, ili kusiwe na kimya hata kidogo. Kimya kwa hao waliokitengeneza ni kasoro. "Na mjomba wake..." ilisema sauti ya Lameki, ikididimia, na juu yake ukapanda wimbo wa harusi uliokuwa umewekwa kwa ajili ya Jumamosi, ule wa kurusha noti, na vigelegele vyake vyote.

Agogo Enelesi alikuwa bado kwenye benchi nje, anasikiliza kwenye redio ya mlinzi. Alisimama mlangoni kwetu. Hakupiga kelele.

"Mnamchezea ngoma mwanangu?" aliuliza.

Lameki alifungua kipaza sauti ili aombe radhi na kulitaja jina kwa mdomo wake. Hapo hapo kioo kikageuka rangi moja kikaandika: "Tunakamilisha masasisho. Tafadhali usizime." Tangu wafadhili waje, kila kitu pale redioni hupitia kompyuta hiyo, hata pumzi zetu. Redio ikafa. Lameki hakuwa amejua, akaendelea kusema kwenye kipaza sauti, "Na mjomba wake, Sitima Kaphiri, anayesubiriwa," mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikamshika bega nikamwambia hakuna anayesikia.

Thokozani alifika mbio. "Ni mfumo," alisema. "Utarudi tu."

"Lini?"

"Wenyewe ndio unaojua."

Nilitema mate dirishani. Sitaomba radhi kwa hilo.

Lameki alimpigia muuza samaki mmoja anayefahamiana naye kule Mtakataka. Tulimsikia wote, alikuwa ameifungulia simu sauti: "Sitima? Si huyu hapa kakaa. Kashasikia. Anasema wamewataja wote hadi wakwe, yeye wamemkata, halafu wakapiga ngoma ya harusi. Anasema wazike wenyewe."

Lameki akachukua kofia yake. Lilikuwepo lori la viazi linateremka, tukapanda. Mimi nilienda kwa hasira tu, sikuwa na kazi huko.

Sitima tulimkuta amekalia gunia la usipa, mikono kaifungia kifuani. Lameki alipiga goti kidogo, akamsalimu. Mzee alimpima kwa macho.

"Wewe ndiye ile sauti?"

"Ndimi, bambo."

"Nimekutambua. Umetaja mpaka shemeji wa shemeji. Mimi je? Mimi ni mbwa wa jirani?"

"Nilikutaja, bambo, mwisho kabisa. Mashine ikalimeza jina lako."

"Mashine ina ugomvi gani na mimi?"

"Haina. Haikujui hata."

"Basi aliyeituma nani?"

"Hakuna aliyeituma. Ilijiamulia."

"Mwanangu, mimi nina mvi, usinifanye mtoto. Tusi halina miguu. Likinifikia, kuna mtu kalibeba."

Hilo ndilo lililonichefua kuliko ngoma ya harusi. Mtu katukanwa, tena katukanwa kweli, na hakuna mlango wa kwenda kuugonga. Nikabaki kumweleza Sitima mambo yote tangu mwanzo, jinsi Lameki alivyokikataa kile kitu mara kwa mara na jinsi kilivyorudi kila mara. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, kama anayesimuliwa habari za mchawi asiyekamatika.

Ndipo Lameki akavua kofia. Akalisema tangazo lote kwa kichwa, kwa sauti ileile ya redioni, katikati ya samaki na inzi. Wanawake waliokuwa wakipima usipa waliacha. Mwenye baiskeli aliteremka. Alipofika mwisho akashusha sauti: "Na mjomba wake, Sitima Kaphiri, anayesubiriwa." Akanyamaza.

Mzee alijipangusa magamba mikononi kwa muda mrefu. "Twende," alisema.

Aliyatoa yake tulipokuwa tunapanda mlima. "Wewe na mimi hatuna neno," akamwambia Lameki. "Lakini mimi nimekatwa mbele ya wilaya nzima. Wataniuliza kila nitakapopita. Tusi la hadharani husafishwa hadharani. Aliyenikata nitamtoza mbuzi, na atasimama watu wamwone."

Asubuhi tulimzika Tamala, mjomba wake akiwa mbele ya jeneza kama inavyotakiwa. Agogo Enelesi alimshika kaka yake mkono hakumwachia. Thokozani alikuja na sukari na unga, rambirambi za redio. Watu waliporudi kutoka makaburini na kuketi, Sitima alisimama mbele ya chifu, akaeleza shauri lake kwa maneno machache, akauliza: "Nani aliyekata jina langu?"

Thokozani alisimama, koti lake limebanwa vifungo vyote. "Wazee wangu, kwa kweli si mtu. Ni mfumo."

"Mfumo wa nani?" chifu aliuliza.

"Wa kompyuta."

"Kompyuta ni ya nani?"

"Ya redio."

"Basi redio iliamua."

"Hapana, chifu. Sisi tulichagua vingine. Wenyewe unabadilisha."

"Unabadilisha chombo chenu, ndani ya nyumba yenu, na nyinyi mmekaa?"

"Ndivyo unavyofanya kazi, chifu."

"Na wenye huo mfumo wako wapi?"

"Ng'ambo."

"Waitwe."

"Haiwezekani. Ipo namba ya kupiga, lakini inapokewa na mashine nyingine."

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe mmeajiriwa na mtu msiyemjua." Thokozani alikaa chini. Alitazama viatu vyake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona hana la kuchekea. Chifu aliuliza kama yupo mwingine mwenye neno.

Lameki aliinuka, akatoka. Kwao si mbali na pale, ni kuvuka kijito tu. Tulidhani amekasirika. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini, akimvuta mbuzi jike kwa kamba, mbuzi mwenye mimba, namfahamu, mke wake ndiye aliyemlea. Alisimama katikati ya watu wote.

"Huyu hapa, bambo."

Sitima alikasirika. "Sikukutaka wewe! Wewe ulinitaja kule kwenye samaki, nilikusikia kwa masikio yangu. Na dada huyu kaniambia ulivyokikataa hicho kitu."

"Najua."

"Sasa kwa nini ulipe wewe?"

"Kwa sababu wao hawaonekani, bambo," Lameki alisema. "Mimi ndiye ninayeonekana."

Sitima alimtazama, akamtazama dada yake, akamtazama chifu. Chifu alikuwa anasubiri, na watu walikuwa wamechoka na baridi, wanataka kurudi makwao. Akanyoosha mkono akaipokea kamba.