Shavu la Zuhura

Jumatano, tarehe nane Mei 1912, saa nne na robo asubuhi, ndipo nilipoanza kuliondoa kovu la marehemu Zuhura, na saa naikumbuka kwa sababu saa ya ukutani ya Baba ilikuwa mbele ya macho yangu na nilikuwa na nafasi tele ya kuacha. Sikuacha. Aibu niliyoipata ni yangu peke yangu, na hadi leo nikipita mtaani kwao huuvuta mtandio hadi puani (ingawa hata kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kujificha, mgeni akinisalimu humjibu nikitazama vidole vya miguu).

Baba yangu ni mpiga picha hapa Malindi. Macho yake yalipoanza kufifia alinitoa shule Mombasa nije kumtengenezea nyuso za wateja. Picha huanza kwenye kipande cha kioo chenye dawa, na kwenye kioo kila kitu ni kinyume, cheusi huwa cheupe na cheupe cheusi. Kwa hiyo ukipaka penseli juu ya kioo, mahali pale hutoka peupe zaidi kwenye karatasi, na ukikwangua kwa ncha ya kisu hutoka peusi zaidi. Penseli hufutika kwa tapentaini. Kilichokwanguliwa hakirudi tena.

Nami nilikuwa hodari, nisijidanganye kwa unyenyekevu. "Sakina, niondolee ndui." "Sakina, ning'arishe kidogo, mume wangu yuko Lamu anaingoja." Ndizo nyimbo nilizozoea kila siku, sijapata kumsikia mteja akisema niache nilivyo.

Zuhura alipigwa picha siku tatu kabla ya harusi yake, picha moja tu maishani mwake, na kioo kikabaki kwetu. Homa ilipomchukua, mama yake, Bi Mwanaisha, alikuja dukani akamwambia Baba anataka picha hiyo iwe tayari kwa arobaini. Baba alikuwa anasafiri kwenda Kilifi, akanionyesha kioo dirishani.

"Ziba vidoa vya vumbi hapa pembeni, basi. Uso usiuguse."

"Ndiyo, Baba."

Lakini lile kovu! Lilikuwa la kuungua, jeupe, limeshuka kutoka chini ya jicho la kushoto, nami niliona vibaya kumrudishia mama mtu binti mwenye kasoro. Ningeweza kumwuliza. Nyumba yao ni hatua mia kutoka kwetu, na swali lilikuwa moja tu, lakini niliona haya kumtajia mfiwa kovu la mwanawe, nikaona heri kisu kuliko swali.

Nikakwangua. Kovu likaenda, ila pale palipokuwa kovu pakawa peusi kuliko shavu lote, nikapaka penseli hapo na kando yake kulainisha, shavu likang'aa kupita la pili, nikaling'arisha na la pili, paji la uso likabaki nyuma, nikalifuata, basi pua ikapotea kabisa katika weupe ule, nikaitafuta kwa kisu, huku kidogo na huku kidogo, hadi ikasimama nyembamba na nzuri. Ijumaa jua likapatikana, nikaichapa picha juani, nikafurahi. Nilifurahi, wallahi.

Jumamosi saa kumi, hitima ilipokwisha, niliipeleka picha mwenyewe upande wa wanawake. Shangazi wa marehemu, Bi Rukia, akainyakua.

"Haya tumwone mwali wetu... Huyu nani?"

"Si Zuhura huyo?" akauliza jirani.

"Zuhura gani! Zuhura alikuwa maji ya kunde, huyu kaoga maziwa."

Picha ikapita mkono kwa mkono, mwingine akacheka: "Jamani, si huyu huyu Sakina? Hebu inua uso, mwanangu, tulinganishe!"

Nikauinua (mjinga mimi!), na ilikuwa kweli. Nilimpa pua yangu, maana hakuna pua niliyoitazama maishani kwa muda mrefu kama hii ya kwangu kwenye kioo cha kabati. Wakacheka vile watu wanavyocheka msibani wakipata sababu, nami nikatabasamu nao nikidhani yatakwisha hapo.

Kisha ikamfikia Bi Mwanaisha. Akapitisha kidole gumba shavuni, mara moja, mara mbili, kama anayepangusa vumbi.

"Kovu liko wapi?"

"Nimeliondoa, Bibi. Nilitaka apendeze."

Bi Mwanaisha akaisogeza picha mwangani.

"Uji uliomchoma niliumwaga mimi," akasema taratibu. "Alikuwa na miaka minne, kanikasirisha, nikaivuta sufuria kwa hasira. Tangu siku ile kila nikimtazama naomba radhi moyoni, mdomo haufunguki. Nilisema picha ikija, nitamwambia." Akaiweka kifudifudi juu ya mkeka. "Huyu nimwambie nini? Simjui."

Kesho yake asubuhi, kabla Baba hajarudi, niliifuta penseli yote kwa tapentaini, nikachukua kioo na penseli yangu nikaenda kubisha kwake. Safari hii nilimtazama usoni.

"Shikamoo, Bibi. Rangi yake imerudi, ila kisu changu kilisambaa, njia ya kovu haionekani tena. Nikichora kovu kwa penseli litatoka jeupe, kama lilivyokuwa. Nielekeze tu."

Hakunifukuza. Alikaa dirishani karibu nami, akaweka kidole juu ya kioo.

"Lilianzia hapa. Likashuka hivi... likafika sikioni." Akakiinua kidole. "Hapana. Halikufika sikioni. Au lilifika?"

Akagusa shavu lake mwenyewe, akajaribu huku, akajaribu kule, kisha akanigeukia kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

"Arobaini tu, mwanangu," akasema. "Siku arobaini tu, na mimi ndiye mama yake."

Nikaweka penseli chini. Yeye alilia, nami nikamshika mkono, hatukuchora kitu. Tangu siku hiyo sigusi uso wa mtu kabla sijamwuliza mwenyewe au watu wake, hata niwe na haya kiasi gani. Uso wa Zuhura ndio pekee uliobaki bila wa kuulizwa.