Nukta ya Buluu Kwenye Simu ya Dobi

"Umenizima kama taa ya choo," Dobi alilalamika, simu sikioni, pasi ya mkaa mkono wa pili. "Mama yako mzazi, unamzima?"

"Sijakuzima wewe, mama. Nimezima ramani," bintiye alijibu kutoka mji wa mbali alikohamia kikazi. "Jana uliniuliza mbona nimeganda duka la dawa. Nilikuwa nanunua dawa ya mbu. Ya mbu, mama."

"Si ungeniambia."

"Basi kuanzia leo nitakupigia, nikwambie. Na wewe unihadithie yako."

Yake yapi? Tangu binti ahame, mama huyu aliishi kwa saa ya nukta ya buluu iliyomwonyesha bintiye alipo kwenye ramani ya simu. Nukta ikitoka nyumbani, naye anawasha pasi. Ikifika kazini, anakunywa chai. Ikitulia usiku, ndipo naye anavuta shuka. Sasa ramani ilikuwa tupu na mchana hauishi. Wateja wakiuliza nguo zao lini, anawaambia kesho, na hiyo kesho yenyewe hajui iko wapi.

Binti akapiga kama alivyoahidi. "Haya mama, lete habari."

Dobi akakuna kichwa. Alikumbuka nukta ilivyokwama darajani, na ilivyozunguka soko mara mbili. Siku aliyolala na homa yeye mwenyewe, kilichomkaa kichwani ni kwamba binti alipitia benki.

"Jirani yako fundi viatu hajambo? Na mkewe?"

"Mkewe alifariki."

"Lini hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Siku ile ulipokaa kituo cha basi mpaka jioni." Hapo akasikia alichokisema. "Hata mazikoni sikwenda. Nilikuwa nakulinda."

"Siku ile niliisahau simu kwa mkata tiketi, mama. Mimi nilikuwa kazini."

Walipoagana, Dobi akaiweka pasi kando, akajitupia mtandio, akaenda mlango wa pili. Fundi viatu alikuwa peke yake, misumari mdomoni.

"Pole, jirani. Nimechelewa."

"Umechelewa sana." Akaitema misumari kiganjani. "Ukuta wetu ni mmoja, mama. Ukikohoa nasikia."

"Najua. Sina la kujitetea."

Fundi alimtazama, kisha akapangusa kigoda kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akamsogezea.

"Keti. Waliowahi wote wameshakwenda zao."