Jumatano na Siku ya Tano

Kwetu Likasi mtu hasemi Jumatatu wala Jumanne. Siku tunazihesabu kwa kazi: siku ya kwanza ndiyo ile ya kurudi kazini baada ya ibada, kisha ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Halafu inakuja siku ya posho, jina lililobaki tangu wazee wetu walipokuwa wakipimiwa unga wao wa juma, na mwisho siku ya Mungu, yaani Jumapili. Nimelelewa na hesabu hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kunitia aibu.

Miaka hiyo nilikuwa nashika daftari la oda kwenye tanuru la chokaa la baba mukubwa, kaka wa baba yangu, upande wa Kakontwe. Alilijenga kwa mikono yake baada ya kupoteza kazi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alitoka nje kutazama kama moshi unapanda. Tanuru la namna ile likipoa, matofali ya ndani yanapasuka, na yeye hakuwa tena na nguvu za kulijenga mara ya pili. Karibu chokaa yetu yote ilikwenda kwa mteja mmoja, kiwanda cha shaba kwenye njia ya Kolwezi, wanakoitumia kutuliza ukali wa asidi. Wakituacha wao, moshi unakatika. Hilo tulilijua sote, hata wapasua mawe.

Basi kiwanda kikaleta afisa manunuzi mpya, Mtanzania, mtu mpole mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Mimi nilimchukia kabla sijamwona. Katika simu yetu ya kwanza nilimwambia kwamba kamyo iko na chokaa ya kutosha, naye akanisahihisha, taratibu kabisa: "Lori lina chokaa, dada." Nikajisemea moyoni, huyu amekuja kununua chokaa au kufundisha shule? Tangu siku hiyo, nikimwongelea kwa wenzangu, nilimwita Mwalimu.

Mwanzoni mwa juma moja akatuma ujumbe: anaomba malori matatu Jumatano. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea huku macho yangu yakiona. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni, na kitu kiliniambia kwamba watu wa kule hawahesabu kama sisi. Kumpigia na kumwuliza kungekuwa jambo la dakika moja. Lakini nilimwona tayari akinisahihisha kwa ile sauti yake ya upole, nikakataa. Tano ni tano. Nikaandika daftarini: siku ya tano.

Mvua ikanyesha siku ya tatu, ikanyesha na siku ya ine. Yeye akadhani tunaogopa kusafirisha chokaa mvuani, maana ikilowa inachemka, akangoja kistaarabu bila kupiga simu. Siku ya tano asubuhi tukafika langoni na malori yetu matatu, turubai zimefungwa vizuri, mimi mbele karibu na dereva, najiona nimewahi. Kiwanda kilikuwa kimya. Mashine zote zilikuwa zimesimama tangu jana yake kwa kukosa chokaa.

Tulianza kubishana ofisini kwake. Yeye alihesabu kwa vidole akianzia Jumamosi, mimi nilihesabu kwa vidole nikianzia siku ya kwanza. Yeye akaishia katikati ya juma, mimi nikaishia mwisho wake. Tukatazamana, vidole vitano hewani kila mtu, akaanza kucheka. Mimi sikuweza kucheka. Mlango ulifunguka, akaingia mkubwa wake, mtu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akasema kwa Kifaransa kwamba ana watu wa ng'ambo ya mpaka walio tayari kumletea chokaa, na anataka kujua kosa ni la nani.

Mtanzania akajibu, kwa Kifaransa cha kuokotaokota, kwamba ni lake. Ameandika vibaya, wenye tanuru wameleta siku waliyosoma. Mkubwa akanigeukia akaniuliza kama ndivyo. Niliuona ule moshi wa baba mukubwa, nikaitikia kwa kichwa.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa hamu kuliko yote ya kazi yangu. Mimi na yule Mtanzania tuliacha kabisa kutajiana siku. Namba nazo tukaziogopa. Alichora kwa rangi nyeupe mtu mrefu kwenye ubavu wa silo lao, lile pipa refu la kuhifadhia chokaa, mtu mwenye magoti, kiuno na mabega, na kila asubuhi aliligonga kwa nondo kusikiliza chokaa imeishia wapi, akanipigia. "Dada, leo iko kiunoni." Ikiwa kiunoni tunapakia, ikiwa gotini malori yawe njiani. Kiwanda hakikusimama tena. Nilizoea sauti yake kama nilivyozoea chai, na siku moja nilimsikia mwenyewe akisema silo "iko na" chokaa. Nilimsahihisha. Tulicheka sana.

Mwaka ulipokwisha hawakumwongezea mkataba. Lile kosa lilikuwa limeandikwa kwenye faili lake. Aliponipigia kuaga nilimwuliza kwa nini alilibeba peke yake.

"Ninyi mna tanuru na watu wanaolitegemea," alisema. "Mimi nina sanduku moja la nguo."

Sikumwambia kwamba siku ile nilikuwa na shaka na nikanyamaza. Sikumwambia mtu. Baba mukubwa alikuwa akiwachekesha wageni kwa hadithi ya Mutanzania aliyetaka kutuua na Kiswahili yake, na mimi nilicheka pamoja nao, mwaka baada ya mwaka. Kicheko hicho kilinichosha. Mwezi uliopita aliianza tena mbele ya shemeji zetu waliotoka mtaa wa Kikula, nami nikamkatiza, nikaeleza yote, hata kiburi changu. Aibu ilinishika masikio.

Baba mukubwa akauliza kama namba ya yule mtu bado ninayo. Ninayo. Nikapiga, ikaita, nikampa simu. Huyu mzee sijawahi kumsikia akiomba radhi, hata kwa mke wake.

"Miye ni ule muzee wa chokaa, wa Likasi," alisema. "Ile kosa haikukuwa yako. Ilikuwa ya mutoto wangu. Utusamehe."

Spika ilikuwa wazi, sote tulisikia. Kule upande wa pili yule Mtanzania akamwamkia mzee shikamoo, kisha akauliza kama tanuru bado linawaka.

"Iko inawaka," baba mukubwa alisema, akatoka nje na simu mkononi kutazama moshi.