Saa ya Kompyuta ya Mume Wangu

Marehemu mume wangu alikuwa bwana mifugo hapa Nyambureti, na kompyuta yake aliiseti kwa saa za Kiswahili. Ikiwa saa mbili asubuhi, kioo kilionyesha 2:00. Nilimwambia inatakiwa isome 8:00. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo nane ni ya nani?"

Kompyuta ilipokufa, fundi wa Mugumu aliiokoa diski. Akanieleza kuwa zipo programu za kuuwasha mfumo ule wa zamani ndani ya laptop yangu mpya, kama chumba ndani ya nyumba, akanipa mbili nijaribu.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi na iliwaka haraka. Picha ya ng'ombe wake aliyoiweka kwenye kioo ikatokea, lakini saa ilikuwa imejisahihisha, inafuata ya laptop. Nilitafuta pa kuizuia nikakosa. Nikaifuta kwa hasira.

Ya pili ni nzito, inaifanya laptop iungurume na kupata moto. Fundi alishangaa nilipoichagua. Lakini hiyo ina sehemu ya kuizuia saa ya ndani isifuate ya nje. Nikaizuia, kisha nikairudisha mwenyewe kwenye majira ya mume wangu.

Siku hizi nikisahihisha madaftari jioni, naiacha wazi mbele yangu. Zamani saa kumi na moja ndipo alipokuwa akirudi kutoka kwenye josho. Laptop ikisema 17:00 naendelea na kazi. Ile ya ndani ikisema 11:00, masikio yanakwenda yenyewe barabarani kutafuta pikipiki yake.